Shajara ya mradi: mbegu za maharage na mnyauko wa bakteria, Hai tambarare

Mradi uko ukanda wa chini wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Kikundi cha wakulima kinataka kuzalisha mbegu za maharage za daraja la kuazimiwa ubora, zile ambazo wengi wanaziita QDS tu. Ukaguzi wa shamba ni kazi ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Yangu ni afya ya mbegu, yaani kujua ni bakteria gani wanasafiri ndani yake kabla hazijauzwa kwa majirani. Naandika pale penye jambo. Wiki isiyo na jambo inapita hivyo hivyo.

Februari, kabla ya masika

Tumeanzia stoo. Kikundi kina mafungu matatu. La kwanza ni Lyamungo 90 waliyoivuna wenyewe mwaka jana. La pili ni Selian 97 kutoka kwa mzalishaji aliyesajiliwa. La tatu ni maharage meupe, sodo chache tu, ambayo mwanachama mmoja kayanunua sokoni kwa sababu kuna mnunuzi kamwahidi bei nzuri. Hayo meupe ndiyo yanayoninyima raha. Hakuna anayejua yalilimwa wapi, na gunia la sokoni huwa limekusanywa kwenye mashamba mengi.

Ugonjwa ulioandikwa kwenye orodha yetu kwa herufi nyekundu ni mnyauko wa bakteria wa maharage, unaosababishwa na Curtobacterium flaccumfaciens pv. flaccumfaciens. Jina refu hilo; humu nitaandika Cff. Florence Hedges, mtafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani, aliueleza mwaka 1922 kutokana na maharage ya South Dakota. Baadaye ukawatesa wakulima wa jimbo la Nebraska, huko huko Marekani, kwa miaka mingi, ukafifia, kisha ukarudi Nebraska magharibi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alberta kule Kanada uliibuka karibu wakati huo huo. Brazili wanao tangu miaka ya 1990. Shirika la afya ya mimea la Ulaya na Mediterania, EPPO, limeuweka kwenye orodha yake ya A2 ya magonjwa ya karantini, yaani yanayozuiwa kusambaa kwa sheria. Umevuka mipaka hiyo yote kwa njia moja kubwa, nayo ni mbegu. Hausubiri upepo wala mdudu wa kuubeba. Bakteria hukaa chini ya ganda la mbegu na pale kwenye kovu lake, na wamewahi kukutwa hai ndani ya mbegu iliyokaa miaka 24.

Mama mwenyekiti alikuwa ameshawapanga kina mama kwenye mkeka, wanachambua: zilizotobolewa na fukusi, zilizosinyaa, zilizopasuka, zote pembeni. Nikawaomba watenge pia zenye rangi isiyo ya kawaida. Kwenye maharage meupe Cff anaweza kuacha alama inayoonekana kwa macho: mbegu hugeuka njano, machungwa au zambarau, kutegemea aina ya bakteria. Ile ya machungwa na ile ya zambarau zote zilielezwa Nebraska, ya kwanza miaka ya 1950, ya pili miaka ya 1960. Wenzetu wa kule wanalima sana Great Northern, maharage meupe makubwa, kwa hiyo mbegu yenyewe huwachongea wagonjwa.

Sasa weka rangi hiyo juu ya Lyamungo 90, yenye mabaka mekundu. Au juu ya Selian 97, ambayo ni nyekundu iliyoiva. Huoni kitu.

Mama mwenyekiti akaniuliza, "Kwa hiyo tunachambua bure, mwanangu?"

Si bure, mama. Iliyosinyaa ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa na ugonjwa, na uchambuzi unapandisha uotaji. Ila hautoshi, na hapa ndipo napotofautiana na mafunzo mengi ya mbegu niliyopitia, ambayo humalizia somo kwenye mkeka. Sehemu kubwa ya maharage yetu ni ya rangi: rozikoko, soya ya njano, Lyamungo, kidney nyekundu. Jicho limefungwa tangu mwanzo.

Machi, mvua za kwanza

Nimekaa na kalamu kujibu swali la mtunza fedha wa kikundi: kwa nini nataka mbegu nyingi hivyo za kupima? Anaona naharibu mtaji, na hajakosea kuuliza.

Tuseme mbegu moja katika 1,000 ina bakteria. Ukichukua 400, idadi ya kawaida ya kipimo cha uotaji, nafasi ya kuikamata hata moja yenye ugonjwa ni kama asilimia 33. Mara mbili kati ya tatu utaandika "safi" na utakuwa umesema uongo bila kujua. Kufikia asilimia 95 unahitaji mbegu kama 3,000. Na moja katika 1,000 si kidogo. Ekari inakula kilo 35 hivi. Mbegu 100 za maharage haya makubwa zina gramu kama 45, kwa hiyo ekari ni mbegu karibu 78,000. Hapo umepanda miche 78 migonjwa, imetawanyika shamba zima, kila mmoja ukiwa chanzo chake.

Mtunza fedha alihesabu tena kwenye simu yake, akanyamaza, akaniletea mbegu.

Hatuna uwezo wa kupeleka 3,000 za kila fungu maabara. Tulichokubaliana: sehemu inasagwa na kulowekwa maabara, sehemu kubwa inaoteshwa kwenye trei hapa hapa. Mchanga wa mto umekaangwa kwenye nusu pipa hadi ukatoa mvuke, ukapozwa, ukajazwa. Trei ziko kwenye kibanda cha nailoni nyuma ya stoo, kwa makusudi. Cff anapenda joto. Dalili zake huja vizuri hewa ikizidi nyuzi 30. Ukiotesha pale juu Machame kwenye baridi, mche mgonjwa unaweza kukaa kimya ukaupitisha kama mzima. Mchana kibandani kipimajoto kinafika 34.

Lyamungo na Selian zimepandwa shambani, viwanja mbali mbali, mahindi katikati. Meupe hayajaenda shambani. Mwenye nayo hajafurahi.

Aprili, miche ina majani matatu

Simu asubuhi: "Maharage yananyauka, njoo."

Shamba la Lyamungo, upande wa chini karibu na mfereji, miche imelala hapa na pale. Kijana wa duka la pembejeo kashafika kabla yangu na kashasema ni mnyauko wa bakteria, wapulize dawa ya kopa, ile ya madini ya shaba. Anayo tayari mkononi, bila shaka.

Nimeng'oa mche mmoja mbele yao. Shina limevimba na kupasuka pale linapokutana na udongo. Nikalipasua kwa wembe kwa urefu: ndani ya ganda la shina, vipupa vya kahawia vinavyong'aa, vidogo kuliko punje ya mchele, vimejipanga vitatu. Huyu ni inzi wa maharage. Anataga kwenye majani machanga, buu linachimba njia hadi kwenye kitako cha shina, mche unakatwa maji. Dawa ya kopa haimfanyi kitu. Nimepasua mingine kadhaa na karibu yote ilikuwa na vipupa au njia zake. Miwili ilikuwa na mizizi iliyooza, nyekundu iliyofifia, kwenye kile kidimbwi ambapo mfereji unafurika. Hakuna bakteria kwenye hadithi hii.

Nimewapa somo la dakika chache papo hapo, kwenye tuta. Mche ukinyauka, kwanza pasua shina. Ukikuta kipupa, inzi. Mizizi ikiwa imeoza, fangasi wa udongo na maji yaliyosimama. Shina likiwa zima na mizizi myeupe, lakini majani yanalegea jua la mchana na kunyanyuka jioni, siku baada ya siku, hapo niite haraka. Cff hukaa kwenye mishipa inayopitisha maji. Anaiziba, majani ya juu yanakosa maji wakati wa joto. Kati ya mishipa ya jani hutokea mabaka ya njano yanayokauka, kingo zake zimepinda pinda na zina mstari wa njano kali. Hayalowi maji kama yale ya magonjwa mengine ya bakteria.

Mzee mmoja wa zamu ya mfereji aliniuliza kama mtu akila maharage yenye ugonjwa huo anaumwa. Haumwi, mzee wangu. Ni ugonjwa wa mmea. Fungu likikataliwa kama mbegu bado ni chakula, na hilo litatufaa baadaye.

Kopa. Hata kama ingekuwa Cff kweli, bakteria yuko ndani ya mishipa na dawa iko juu ya jani. Kwa ugonjwa huu hakuna dawa ya kupuliza yenye maana shambani. Nimesema hivyo mbele ya yule kijana, kwa adabu.

Mei, maua na maganda machanga

Mvua nyingi, joto la wastani. Kiwanja cha pili cha Lyamungo kina madoa. Safari hii ni bakteria, ila ni wale tuliowazoea. Ukigeuza jani, doa limelowa kama limedondokewa mafuta. Juu yake limekauka kahawia na duara jembamba la njano. Kwenye maganda kuna madoa yaliyolowa yenye kingo nyekundu. Ni baka la kawaida la bakteria, Xanthomonas. Kwa joto la ukanda huu, karibu nyuzi 28, ndiko nyumbani kwake. Ukipanda juu kwenye baridi ya mgombani na kahawa, unategemea zaidi baka lenye duara la kijani hafifu, la Pseudomonas. Mwinuko peke yake unakupa nusu ya jibu hata kabla hujainama.

Nimechukua majani, nimechukua na miche ya trei. Kwenye trei za meupe miche michache ilidumaa na mmoja ulilegea. Zote maabara.

Mei, maabara

Sahani za agari, ule utelezi wa kuoteshea bakteria, zimetoa koloni za njano, yaani vishungi vya bakteria. Kutoka kwenye majani ya Lyamungo: njano, laini, zina ute. Kutoka kwenye maharage meupe: njano pia, ndogo kidogo, mviringo mzuri.

Rangi haisemi kitu hapa. Xanthomonas ni wa njano. Cff naye mara nyingi ni wa njano. Bakteria kibao wasio na madhara, wanaoishi juu ya mbegu kama wapangaji, ni wa njano. Ndiyo maana nakipenda kipimo cha potasiamu haidroksaidi: hakihitaji umeme wala darubini, na gharama yake haifiki bei ya soda. Tone moja la myeyusho wa asilimia 3 kwenye kioo. Unachota koloni kwa kijiti cha meno, unakoroga, unahesabu kimoyomoyo hadi kumi, kisha unanyanyua kijiti taratibu.

Koloni ya majani ya Lyamungo ilinyanyuka na uzi. Kama mlenda ukiinua kijiko: uzi mrefu wa sentimita mbili, ukakatika, ukarudi. Bakteria wana makundi mawili kwa ukuta wao, gramu hasi na gramu chanya. Ukuta wa gramu hasi hupasuka kwenye myeyusho ule na kinachovutika ni vinasaba vyake. Xanthomonas ni gramu hasi, Pseudomonas pia, hata Ralstonia yule anayenyausha nyanya na viazi. Sawa na nilichoona shambani.

Koloni ya maharage meupe: nilinyanyua, hakuna uzi. Nikarudia na koloni nyingine, kijiti kipya. Maji tu.

Gramu chanya, njano, kutoka kwenye mbegu nyeupe isiyojulikana asili, trei ina mche uliolegea. Cff ni gramu chanya. Fundi wa maabara aliniangalia, nikamwambia tusiandike jina lolote kwenye sahani, tuandike namba.

Hapa ndipo watu huharibu. Ugonjwa wa karantini hautangazwi kwa sababu ya kijiti cha meno. Nchi ikitajwa vibaya, wanaoumia ni wazalishaji wa mbegu. Ukanda huu wa Arusha na Kilimanjaro umeuza mbegu za maharage Uholanzi kwa miongo mingi, na wanunuzi wanasoma kila neno. Mwenye mamlaka ya kusema upo au haupo ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pale Ngaramtoni, Arusha. Wameshajulishwa kuwa kuna sampuli ya kuthibitishwa. Kikundini nimesema hivi tu: meupe yasitoke stoo, yasipandwe, yasigawiwe, mpaka nirudi.

Juni

Vipimo viwili kwa pamoja.

Cha kwanza, miche mizima ya Selian kwenye vyungu, majani mawili ya kwanza yamefunguka. Sindano imechovywa kwenye koloni ikachomwa shinani pale vipande viwili vya mbegu vinapoungana na shina. Miche mingine imechomwa sindano yenye maji safi, ya kulinganisha. Vyote kwenye kibanda chenye joto. Cff halisi angeanza kuilegeza miche ndani ya wiki chache, na kutoka kwenye mche ulionyauka ungempata tena yeye yule.

Cha pili ni PCR, kipimo cha vinasaba, kwa jozi ya vianzio (vipande vifupi vya vinasaba) vilivyotengenezwa maalumu kwa Cff, CffFOR2 na CffREV4. Akiwepo, unapata mstari mmoja kwenye jeli wa jozi 306 za besi.

Wakati tunasubiri, mwenye maharage meupe alikuja ofisini mara kwa mara. Mnunuzi wake anampigia. "Kaka, mimi nimeweka hela yangu." Najua. Nimemweleza kuwa hata wazalishaji wa mbegu za maharage wa Idaho, jimbo la Marekani ambako hali ya hewa ni kavu na wanamwagilia kwa mifereji badala ya kunyunyiza juu ili majani yasilowe, hawavumilii hata mche mmoja wenye mnyauko huu kwenye shamba la mbegu. Alijibu kwamba yeye hayuko Idaho. Jibu zuri, sina la kumrudishia.

Juni, mwisho wa mwezi

Miche yote imesimama. Iliyochomwa koloni na iliyochomwa maji, huwezi kuzitofautisha ila kwa lebo. Jeli haina mstari wa 306. Kidhibiti chanya, sampuli ya Cff halisi ya kulinganisha, kimetoa wake vizuri, kwa hiyo mashine haikulala. Koloni ile ni mpangaji wa kawaida wa juu ya mbegu. Mche uliolegea kwenye trei ulikuwa na kitako kilichooza.

Taarifa imekwenda Ngaramtoni ikiwa na neno moja la matokeo: hasi. Sahani zimechemshwa kwenye mtungi wa mvuke kisha zikatupwa.

Maharage meupe yameruhusiwa kutoka stoo, lakini kwenda jikoni. Kama mbegu nimeyakataa. Matokeo hasi ya sampuli niliyopima hayanipi asili ya gunia, na uotaji wake ulikuwa duni. Mwenye nayo ameuza kama chakula kwa bei ya sokoni, amepata hasara kidogo. Nimemwahidi kumuunganisha na mzalishaji wa mbegu nyeupe iliyosajiliwa msimu ujao, na nimeandika hapa ili nisisahau.

Julai, mavuno

Kikao kirefu. Kiwanja cha pili cha Lyamungo, kile cha baka la Xanthomonas, kimetoa mavuno mazuri kuliko vyote. Wanachama wanataka kiingie kwenye mbegu. Mbegu ukizitazama zinang'aa. Mama mmoja alizimwaga mkononi mwangu: "Nionyeshe basi ugonjwa uko wapi." Sikuweza kumwonyesha, na hiyo ndiyo hoja yangu tangu Februari. Baka hili nalo husafiri ndani ya mbegu kimya kimya.

Mwenyekiti alimaliza ubishi yeye mwenyewe. Alisema kama jirani atanunua mbegu yetu na shamba lake likaungua, hatarudi kwa bakteria kudai, atarudi kwetu. Kiwanja cha pili kimeenda kwenye magunia ya chakula. Kiwanja cha kwanza, kilichopigwa na inzi lakini hakikuwa na madoa, kimebaki mbegu.

Tumepura tofauti. Turubai jipya kwa ajili ya mbegu, fimbo zake, magunia mapya. Maganda na mashina ya kiwanja cha pili hayakurudishwa shambani. Yamelishwa ng'ombe, na samadi yake itaenda kwenye migomba. Bakteria hawa wa mbegu, Cff akiwemo, hudumu kwenye mabaki ya mazao muda mrefu kuliko kwenye udongo mtupu. Kiwanja hicho mahindi sasa, angalau misimu miwili, na maotea ya maharage yang'olewe.

Swali lililokuja na ambalo nililipenda: hakuna aina inayostahimili mnyauko wenyewe? Ipo njia hiyo. Nebraska, Coyne na Schuster walitoa Great Northern iitwayo Emerson mwaka 1971, inayoustahimili. Ni nyeupe, ni ya kule. Kuihamishia sifa hiyo Lyamungo ni kazi ya wazalishaji wa aina mpya, si ya kikundi. Sisi tunachoweza ni kufunga mlango wa mbegu.

Agosti, kiangazi

Selian 97 imepandwa upya kwa maji ya mfereji, kwa ajili ya mbegu tu. Msimu huu ndio ninaoutaka: hakuna mvua ya kurusha matone kutoka jani hadi jani, hakuna mvua ya mawe ya kuchana majani. Cff huingia zaidi kupitia majeraha, hivyo palizi inafanywa mapema, kabla majani hayajafungamana, na hakuna anayeingia shambani umande haujakauka. Mizizi ya magugu tuliyong'oa kona ya kaskazini ina vifundo, minyoo fundo. Majeraha yao kwenye mizizi huwafungulia bakteria njia, kwa hiyo kona hiyo tumeiacha nje ya mbegu, imepandwa mahindi.

Maji yanaingia kutoka juu na kutokea chini bila kupitia kiwanja cha mtu mwingine cha maharage. Mzee wa mfereji amebadilisha zamu ili iwezekane, na ameomba kilo mbili za mbegu kama shukrani. Amepewa, zikiwa na lebo.

Mwanachama mmoja kila kona atapita saa saba mchana, jua likiwa kali, kutafuta mche uliolegea, na wembe mfukoni. TOSCI wanategemewa wakati wa maua. Nimeandaa trei za msimu ujao. Mchanga bado haujakaangwa, kuni zimepanda bei.